Kabla ya kuhesabu mbweu za ng'ombe, tujibu swali la shosho

WIKI mbili zilizopita nilikuwa kwa shosho yangu, Kinoo, nikimsaidia kukata nepia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tope kila mahali, na mimi mtoto wa tao nimevaa raba nyeupe. Tukiwa hapo kwenye zizi, akaingia kijana mmoja wa rika langu. Tableti mkononi, fulana yenye nembo ya kampuni, na lile tabasamu la mtu mwenye kitu cha kuuza.

Alikuwa na heshima, siwezi kumsema vibaya. Alimweleza shosho kwamba ng'ombe wake wawili wanatoa gesi inayoongeza joto duniani. Kampuni yao, akasema, ina unga uliotengenezwa kwa mimea. Ukichanganya unga huo na chakula cha ng'ombe, gesi inapungua. Kupungua huko kunahesabiwa, kunauzwa ng'ambo, na shosho anapata kitu kidogo. Alichohitaji ni sahihi, nambari ya kitambulisho na picha ya kila ng'ombe.

Shosho alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu: "Sasa kijana wangu, maziwa yataongezeka?"

Kijana akapekua tableti yake. Akapekua tena. Akasema atarudi na jibu. Mpaka ninapoandika haya, hajarudi.

Tangu siku hiyo swali hilo limenikaa kichwani. Nimesoma kila nilichoweza kusoma, na nimefikia uamuzi huu: shosho aliuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza kwenye kila mkutano wa tabianchi unaofanyika hapa mjini. Mimea inayopunguza gesi ya ng'ombe ipo, na sayansi yake si porojo. Lakini kwa ng'ombe wa Kenya, mmea wowote usioongeza maziwa au nyama hautafika mbali, na hatuna sababu ya kuusukuma kwa wakulima wetu.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza kusikia eti ng'ombe akipiga mbweu, dunia inapata joto. Ilikuwa Septemba 2023, wakati marais walipokusanyika KICC kwa Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi. Barabara za tao zilifungwa, matatu zikatuacha mbali, na sisi tukatembea kwa miguu tukitania kwamba tunateswa kwa sababu ya ng'ombe. Lakini hebu tuache utani kidogo tuone kinachotokea ndani ya hilo tumbo.

Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wana tumbo la kwanza ambalo ni kama pipa kubwa la kuchachusha nyasi. Wewe na mimi tukila nepia tutaumwa na tumbo tu. Ng'ombe anaweza kuila kwa sababu ndani ya pipa hilo kuna mabilioni ya vijidudu vinavyoivunjavunja. Kazi hiyo hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikijaa, kazi inakwama. Kwa hiyo kuna kundi lingine la vijidudu linaloichukua haidrojeni hiyo na kuiunganisha na kaboni dioksidi, na kinachotokea ni methani. Ng'ombe hana matumizi nayo, anaipiga mbweu. Wengi hudhani gesi hii hutoka nyuma, lakini sehemu yake kubwa hutoka mdomoni.

Methani haikai hewani milele. Huisha baada ya miaka kumi na miwili hivi. Lakini ikiwa huko juu, ni kali kweli: katika kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani hupasha dunia joto mara 80 hivi kuliko tani moja ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana nchi tajiri zimeanza kuhangaika. Mnamo Juni 2024 Denmark ilikubaliana kuanzisha ushuru wa gesi za mifugo kuanzia 2030. New Zealand nayo ilikuwa imependekeza ushuru kama huo mwaka wa 2022, wakulima wakaingia barabarani na matrekta, na baadaye serikali mpya ikauachilia mbali mpango huo.

Sasa mimea inaingiaje hapa?

Kunywa strungi iliyokolea bila sukari. Unasikia ulimi unakauka, mdomo unakuwa kama umepakwa chaki? Hiyo ni kazi ya tanini na ndugu zake. Mmea hutengeneza tanini ili kujilinda dhidi ya wadudu na wanyama wanaoula. Zikiingia kwenye tumbo la ng'ombe kwa kiasi kinachofaa, huwabana wale vijidudu wanaotengeneza methani, na pia hushikamana na protini ili isiharibiwe yote mapema. Kuna saponini, ambazo hutoa povu kama sabuni, na hizi hushambulia aina nyingine ya vijidudu vinavyowapa watengeneza methani ile haidrojeni. Halafu kuna mafuta ya mimea yenye harufu kali: ya kitunguu saumu, ya giligilani, hata kile kiungo kikuu cha karafuu ambayo wenzetu wa Pemba wameilima kwa karne mbili.

Aliyevuma zaidi katika kundi hili ni mwani mwekundu uitwao Asparagopsis. Una kemikali ya bromofomu inayozima hatua ya mwisho kabisa ya kutengeneza methani, na kwenye majaribio kadhaa ulipunguza gesi kwa zaidi ya asilimia 80. Kabla hujapigia simu binamu yako wa Kwale, jua kwamba huo si ule mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni. Pia, bromofomu si kitu cha kuchezea, na usalama wake bado unaangaliwa kwa makini. Mafuta ya mimea nayo ni salama zaidi lakini matokeo yake ni madogo. Bidhaa za aina hiyo zinazouzwa Ulaya hupunguza methani kwa asilimia kumi hivi.

Hapo ndipo kuna funzo ambalo yule kijana wa tableti hakulisema. Kitu kutoka kwa mmea hakiwi kizuri eti kwa sababu ni mmea. Lusina ni lishe nzuri yenye protini, lakini ina sumu inayoweza kumdhuru mnyama akiila kupita kiasi. Tanini zikizidi, ng'ombe anaacha kula na chakula hakisagiki vizuri. Dawa na sumu ni watoto wa mama mmoja, tofauti ni kipimo.

Na sasa sehemu iliyonishangaza zaidi. Kutoka kwa shosho hadi mahali ambapo mambo haya yanapimwa si mbali. Ukishuka Uthiru na kufuata barabara ya zamani ya Naivasha, utafika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Taasisi hii imekuwepo kwa jina hilo tangu 1994, na ndani yake kuna kituo kinachoitwa Mazingira. Wana vyumba maalumu ambamo ng'ombe huingizwa, anakula, analala, anapiga mbweu zake kwa amani, na kila hewa inayotoka inapimwa. Mimi nimepita hapo kwa matatu miaka yote ya chuo nikidhani ni mahali pa wazungu kufuga ng'ombe.

Moja ya mambo waliyoyapima hapo lingepaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya kilimo. Walichukua ng'ombe aina ya Boran, wakawapa nyasi kavu chini ya kiasi ambacho mwili unahitaji, jinsi inavyotokea kwa mifugo wetu wakati wa kiangazi. Matokeo? Ng'ombe mwenye njaa kali alitoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula alichokula. Kumbuka ukame wa 2022, wakati wafugaji walipoleta ng'ombe hadi mjini kutafuta majani kando ya barabara, mifupa ikionekana. Madereva walipiga honi na kulalamika. Wale ng'ombe walikuwa wanakonda, hawatoi maziwa, na kidogo walichopata kula, sehemu yake ilikuwa inapotea hewani.

Maana methani, kabla ya kuwa tatizo la dunia, ni chakula kilichopotea. Kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo kwenye chakula cha ng'ombe hutoka kama methani. Ni kama ukinunua lishe ya sh100, halafu kati ya sh2 na sh12 zinapeperuka. Lishe ikiwa duni, hasara huwa kubwa zaidi. Muulize yeyote anayefuga kuanzia Dagoretti hadi Kikuyu bei ya gunia la lishe ya madukani, atakwambia kama hiyo ni hasara ya kupuuzwa.

Tuangalie hesabu nyingine. Katika makadirio ya jopo la wanasayansi wa umoja wa mataifa, IPCC, ya mwaka wa 2006, ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini alikadiriwa kutoa kilo 128 za methani kwa mwaka. Wa Afrika na Mashariki ya Kati, kilo 46. Ukisimama hapo, utasema sisi ni watakatifu. Lakini yule wa Marekani alikuwa anatoa kilo 8,400 za maziwa kwa mwaka, wa kwetu 475. Gawanya. Kwa kila kilo ya maziwa, wa kwao ni gramu 15 hivi za methani. Wa kwetu ni gramu 97. Mara sita!

Hesabu hii inaweza kusomwa kwa njia mbili. Kuna anayeisoma na kusema Mwafrika ni mchafuzi, apewe unga. Mimi naisoma hivi: ng'ombe wetu hana makosa, ana njaa. Ng'ombe wa shosho wanafanya vizuri kuliko huo wastani, lakini hata wao, Januari nepia ikikauka, maziwa hushuka hadi chai ya nyumbani inakuwa ya kubahatisha. Ukimlisha ng'ombe vizuri, anaweza kutoa gesi zaidi kidogo kwa siku, lakini kila lita ya maziwa inakuja na gesi kidogo zaidi. Watu wanakunywa, shosho anauza, na hatuhitaji ng'ombe watano kufanya kazi ya wawili.

Sasa rudi kwenye mimea, lakini si unga wa paketi. Kuna mti mdogo unaoitwa kaliandra, asili yake Amerika ya Kati. Kuanzia miaka ya tisini watafiti wa kilimo-misitu, ambao makao yao ni hapa Gigiri, waliufanyia kazi na wakulima wa Embu. Majani yake yana tanini na yana protini nyingi. Waligundua kwamba kilo tatu za majani mabichi, ambazo zikikauka ni kama kilo moja, zinaweza kushindana na kilo moja ya ile lishe ya madukani watu huita 'dairy meal', na kuongeza karibu robo tatu za kilo ya maziwa kwa siku. Kuna pia desmodiamu, inayotambaa chini ya nepia au mahindi. ICIPE ya kule Kasarani imeitumia kwa miaka mingi kupambana na gugu la kiduha na wadudu wa mahindi, na ng'ombe huila. Nayo ina tanini.

Unaona tofauti? Hapa swali la shosho lina jibu. Maziwa yataongezeka, kwa sababu ya protini. Methani ikipungua kwa sababu ya tanini, hiyo ni nyongeza. Mkulima hahitaji kusadiki chochote kuhusu barafu ya ncha ya kaskazini. Anahitaji kuona kibuyu kinajaa.

Kuna wale watakaoniambia, "Bro, wewe unaishi wapi? Kinoo imejaa fleti." Ni kweli. Nimefanya hesabu ya ploti ya shosho, ile ya futi hamsini kwa mia. Ukizunguka ua wake wote ni kama mita 91. Ukipanda kaliandra kila nusu mita, unapata miti 180 hivi. Watafiti walisema ng'ombe mmoja anahitaji miti 500 ili apate kilo sita mbichi kila siku. Kwa hiyo ua wa shosho unatoa kilo mbili na kidogo. Haitoshi hata kwa ng'ombe mmoja, achilia mbali wawili.

Lakini ua huo sasa hivi una mabati na mimea ya maua. Na nepia ambayo shosho analisha, nusu yake huletwa kwa mkokoteni na kijana anayeikata mbali na kuiuza. Biashara ya majani tayari ipo kwenye vitongoji vyetu. Kinachokosekana ni mtu wa kuuza majani bora: kaliandra iliyokaushwa ikawekwa kwenye gunia, desmodiamu iliyofungwa kwa marobota. Wenzangu mliomaliza kozi za kilimo na mnazunguka tao na bahasha, kazi nyingine iko hapo. Si kazi ya kupiga picha ng'ombe wa watu na kuandika nambari za vitambulisho.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue hata kidogo, wakati Kenya inatoa sehemu ndogo sana ya gesi zote za dunia. Nakubaliana nao nusu. Deni la joto hili si letu, na yeyote anayekuja kwa shosho na lugha ya lawama arudi alikotoka. Lakini hapa nyumbani kilimo ndicho chanzo kikubwa cha gesi zetu, na matumbo ya mifugo ndiyo yanayoongoza. Pesa za tabianchi zitakuja kutafuta ng'ombe, tupende tusipende. Swali ni zitakuja kwa masharti ya nani.

Na hapo sina imani sana. Bunge lilibadilisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka wa 2023 ili biashara ya kaboni isiwapore wenyeji. Miradi ya ardhi inayofanyika kwenye ardhi ya umma na ya jamii lazima iwe na mkataba na wenyeji, na angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama iwaendee. Vizuri. Lakini shosho yuko kwenye kaploti kake, na hati iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Yeye si jamii, ni mtu mmoja na ng'ombe wawili mbele ya kijana mwenye tableti. Nani anamlinda? Mkataba aliotakiwa kutia sahihi ulikuwa kwa Kiingereza, kwenye kioo kidogo, na alikuwa hana miwani.

Tukiharakisha bila kueleza watu, tutavuna kilichovunwa Uingereza mwishoni mwa 2024. Kampuni ya Arla ilitangaza majaribio ya kupunguza methani kwa kutumia Bovaer, ambayo si mmea bali ni dawa ya maabara. Wadhibiti walisema ni salama. Lakini wanunuzi waliona wamefichwa, na TikTok ikajaa video za watu wakimwaga maziwa kwenye sinki na chooni. Fikiria hilo litokee kwenye mashine za maziwa za Kangemi na Kawangware, ambako mtu hununua ya sh20 na kuondoka na kikombe. Anayeumia si kampuni ya Ulaya. Ni mama mwenye mashine, na shosho anayemletea.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu. Kwanza, serikali ya kaunti na ya kitaifa ziweke pesa kwenye miche na mbegu za lishe, na maafisa wa mifugo wanaofika zizini, kabla ya kukaribisha unga wa mtu yeyote. Pili, bidhaa yoyote ya kupunguza gesi ipimwe kwa ng'ombe wetu na kwa lishe yetu. Vyumba vya kupimia viko Uthiru, hatuhitaji viza. Matokeo ya maziwa yaandikwe kando ya matokeo ya methani, kwa Kiswahili. Tatu, mkataba wa kaboni na mkulima mmoja mmoja upewe ulinzi wa sheria kama ule wa jamii.

Jumamosi iliyopita nilirudi Kinoo na miche ishirini ya kaliandra niliyonunua kwenye kitalu kando ya barabara. Shosho aliiangalia, akaniuliza inakaa muda gani kabla ya kukatwa. Nikamwambia inaweza kufika mwaka mzima. Akaguna. Akachukua jembe, akanionyesha pa kuanzia, nyuma ya choo, ambako mbuzi wa jirani hawafiki.

Yule kijana wa tableti akirudi, ana nafasi ya kunisaidia kuchimba mashimo yaliyobaki. Na kama ana jibu la lile swali, shosho yuko.